Ukitaka Gemu ya Zamani Kariakoo, Nenda na CD ya Muziki Mkobani

Ukishuka Mwendokasi kituo cha Msimbazi ukatamka tu kwamba unatafuta gemu, winga atakuwa ameshakushika mkono kabla hujamaliza kuvuka barabara. Atakuita boss, atakupitisha uchochoro mmoja na mwingine, atakufikisha kwenye fremu ambayo si yake, na bei utakayotajiwa itakuwa na chake ndani. Sina ugomvi na mawinga. Wengine wanajua mzigo ulipo kuliko wenye maduka. Ila anayekwenda kununua mashine ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zaidi ya miaka kumi iliyopita hana budi kujua anatafuta nini, kwa jina na kwa namba ya toleo, la sivyo atapigwa mchana kweupe.

Wanaoniuliza habari hizi wengi ni wazazi waliokulia kwenye vibanda vya gemu vya Ilala, Buguruni na Magomeni, ambao sasa wamechoka kumwona mtoto kainamia simu. Wanataka kitu cha kukaa wawili mbele ya TV, padi mbili, na kelele. Nawaambia jambo moja: yale mambo madogomadogo tuliyokuwa tukibishania kibandani, fataki za Mario zinatoka kwa nini, ile minara ya PlayStation inaongezeka vipi, msiyadharau. Ndiyo mtakayompimia nayo muuzaji.

Tuanze na ya bei rahisi, ile ya kanda. Wengi tuliita "Nitendo", ingawa kampuni ya Nintendo yenyewe haikuhusika hata kidogo. Famicom halisi ilitoka Japani tarehe 15 Julai 1983, kazi ya Masayuki Uemura na wenzake. Zilizojaa mitaani kwetu zilikuwa nakala za Taiwan na China, na zilikuja wakati mzuri. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. TV ilipoanza kuingia sebuleni, gemu ya kanda ikaingia nyuma yake.

Ukifungua nakala hizo, hasa zilizotengenezwa baadaye, utakuta bodi ndogo yenye tone jeusi la gundi ngumu katikati. Chini ya tone hilo ndimo ilimo Famicom nzima, imebanwa kwenye chipu moja. Uzuri wake ni urahisi wa bei. Ubaya wake ni kwamba tone likifa limekufa, hakuna fundi wa kulibadilisha. Kwa hiyo usinunue isiyowaka kwa ahadi ya "ni waya tu huo, kaka". Adapta, swichi na waya vinatengenezeka, tone halitengenezeki. Na kabla ya kuchomeka adapta yoyote uliyopewa dukani, soma alama ya chanya na hasi kwenye adapta na kwenye mashine uone kama zinalingana, maana nakala hizi hazikuwahi kukubaliana upande upi uwe upi.

Halafu kuna kanda yenyewe, ile iliyoandikwa 9999 katika 1. Namba hiyo ni ya uongo na kila mtu anajua. Ndani mna gemu chache zinazorudiwarudiwa, hii ukianza na maisha mengi zaidi, ile ukianzia hatua ya tatu. Usibishane na muuzaji juu ya idadi. Shuka tu kwenye orodha mpaka namba ya 60 au 80, fungua, uone kama hujarudi kwa Mario yuleyule. Mimi kipimo changu ni gemu nne: Mario, Kontra, ile ya tanki na ile ya bata. Zikiwemo zote na zinafunguka bila kuganda, kanda inafaa.

Mario mpe dakika mbili dukani. Cheza hatua ya kwanza mpaka kwenye bendera. Hapo utakuwa umejaribu karibu kila kitufe, rangi na sauti. Sikiliza vizuri muziki: nakala nyingi hukosea milio, ukasikia wimbo ni uleule lakini unakwaruza sikio. Kama una kumbukumbu ya utotoni, huenda mkwaruzo huo ndio unaoutaka, mimi simo. Gemu hiyo ilitoka Septemba 1985 na yote ina kilobaiti 40. Picha moja uliyotumiwa WhatsApp asubuhi ya leo huenda ni nzito kuliko Mario, kasri zake zote na Bowser wake. Ili itoshe, watengenezaji walibana kila mahali. Mawingu na vichaka ni mchoro mmoja, kimoja kimepakwa rangi nyeupe na kingine kijani. Mwonyeshe mtoto, atacheka wiki nzima.

Na fataki? Tulibishana miaka kwamba zinatoka ukigusa kilele cha mlingoti, au ukiwa mkubwa, au ukiomba dua. Kumbe ni saa. Ukigusa mlingoti wakati tarakimu ya mwisho ya muda ni 1, inalipuka fataki moja. Ikiwa 3, tatu. Ikiwa 6, sita. Tarakimu nyingine yoyote, hupati kitu. Kuna mawili mengine yenye faida zaidi. La kwanza, ukifa kabisa na kurudi mwanzo, shikilia A huku ukibonyeza Start: utaanzia ulimwengu ulioufikia, badala ya kurudi 1-1. Laiti tungelijua hilo enzi za kulipia kwa dakika! La pili, wale wanaomrukia kobe kwenye ngazi za 3-1 ili kuvuna maisha bila kikomo wajue kikomo kipo. Ukipita maisha 127, hesabu inapinduka na kuwa hasi, na ukifa mara moja tu gemu inakwisha.

Kontra nayo ina ile kodi, yaani mfuatano wa siri wa vitufe, ya juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, inayokupa maisha 30. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki mwaka 2020. Alikuwa akiandaa gemu nyingine, Gradius, iliyotoka kwenye Famicom mwaka 1986. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba yeye mwenyewe alishindwa kuimaliza ili aikague, akajiwekea njia ya mkato. Ijaribu kodi hiyo dukani: ni kipimo kizuri cha padi, kwa sababu inapitia pande zote nne za kitufe cha mwelekeo, na upande mmoja ukiwa umelegea kodi haikubali. Ile ya tanki, Battle City ya Namco, ya mwaka 1985, sina la kuongeza zaidi ya kusema ndiyo bora kwa ndugu wawili, maana mnalinda tai mmoja na mnaweza kujijengea uwanja wenu wenyewe.

Gemu ya bata ndiyo inayowaliza watu. Unanunua mashine na bunduki yake, unafika nyumbani kwenye TV bapa ya inchi 43, unapiga risasi mpaka kidole kinauma na bata hafi. Bunduki haijaharibika. Unapovuta kifyatulio, skrini yote inakuwa nyeusi kwa nukta ya sekunde, kisha pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Ndani ya mtutu mna jicho linaloangalia kama mwanga umekuja, tena kwa wakati uleule. TV ya chogo huchora picha mstari kwa mstari papo hapo, na bunduki ilitengenezwa kwa mwanga wa namna hiyo. TV bapa huichelewesha picha kidogo na mwanga wake ni wa namna nyingine, kwa hiyo jicho halioni kitu. Anayekuambia kuna adapta ya kutibu hilo anakuuzia adapta tu.

Ukitaka bata, tafuta chogo. Bado zipo kwa mafundi, wengine wanakuachia kwa bei ya kuondoa kinachojaza chumba. Wala usiogope habari za king'amuzi: mitambo ya analojia Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, lakini gemu yenye waya wa antena haikuwahi kutegemea mitambo hiyo. Yenyewe ni kituo kidogo cha kurusha. Tafuta chaneli kwa mkono mpaka chenga ziishe. Na mkiwa wawili, mshikishe mwenzako padi kwenye mchezo wa bata mmoja: bata anaendeshwa na hiyo padi. Watoto wakishalijua hilo, bunduki hawaigombanii tena, wanagombania kuwa bata.

Kanda isiposhika, usiipulize. Najua sote tulipuliza, na ilikuwa inakubali. Ilikubali kwa sababu uliitoa na kuirudisha, meno yakakaa sawa; pumzi yenyewe iliacha unyevu unaokula shaba taratibu. Chukua pamba ya masikioni na tone la ile kemikali ya kusafishia bodi kutoka kwa fundi simu yeyote pale Aggrey na Likoma, paka kwenye meno ya kanda, acha yakauke.

Sasa PlayStation 2. Hapa ndipo ninapomwambia mtu aweke hela yake. Ilitoka Japani Machi 2000 na ikatengenezwa mpaka kuingia mwaka 2013, na mpaka leo hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyouzwa zaidi yake. Ilipita milioni 150. Kwa kuwa ziko nyingi, vipuri viko, mafundi wanaijua, na gemu zake hazina idadi. Inacheza pia nyingi za PlayStation ya kwanza.

Muuzaji akikuletea, igeuze kabla hujaiwasha. Kuna kibandiko chenye herufi SCPH na namba tano. Angalia mbili za mwisho: 00 ni ya Japani, 01 ya Marekani, 03 ya Uingereza, 04 ya nchi nyingine za Ulaya. Pembeni pameandikwa umeme inaoutaka. Ile nene ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwako TANESCO wanakuletea 230. Hakuna mtu dukani atakayekukumbusha hilo baada ya kupokea hela. Utahitaji transfoma ya kushushia umeme, na siku mgeni akiichomeka moja kwa moja, kwaheri. Nyembamba zilizoanza kutoka mwaka 2004 zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, hivyo soma adapta. Ila za namba 90000 umeme ulirudishwa ndani, basi soma mashine.

Tatizo ni kwamba makasha hubadilishwa. Fundi ana tatu zilizokufa na anatengeneza moja nzima kutokana na zote, kibandiko kikabaki cha marehemu. Ndipo inapokuja habari ya vitufe. Teiyu Goto, aliyebuni padi, aliweka duara kuwa ndiyo na msalaba kuwa hapana, na Wajapani walicheza hivyo. Huko Marekani na Ulaya mambo yakageuzwa, msalaba ukawa wa kukubali. Iwashe bila diski, ingia kwenye menyu, uone kitufe gani kinakubali. Kikiwa duara, moyo wa mashine hiyo ni wa Japani hata kama kibandiko kinasema Uingereza. Rudi kwenye habari ya umeme hapo juu.

Kisha toa mkobani CD ya muziki na DVD ya filamu. Ya Kibongo yoyote inatosha. Lenzi ya PS2 ina miali ya aina mbili, mmoja wa CD na mwingine wa DVD, na mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki mzima. Muuzaji mjanja atakuwekea gemu yenye mgongo wa bluu, ambayo ni CD, nawe utaiona inafunguka vizuri. Ukifika nyumbani na diski ya fedha, ambayo ni DVD na ndiyo walio nayo wengi, unapata skrini nyekundu inayokuambia uweke diski ya PlayStation. CD ikisoma na DVD ikigoma, kata bei au aga. Zile zilizochomwa, zenye mgongo wa zambarau, huirudishia lenzi mwanga kidogo kuliko za kiwandani, na lenzi iliyochoka huanza kuzikataa hizo mapema.

Siku hizi utaambiwa hiyo habari ya diski imepitwa, hii inasoma flashi. Ni kweli. Kuna programu iitwayo Free McBoot inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu tangu 2008, na mashine ikiwaka inaanzia hapo. Mimi siikatai, ila nina matatu ya kusema. Flashi inaficha lenzi iliyokufa, kwa hiyo jaribu diski hata kama hutatumia. Tundu zake za USB ni za kizamani na ni za polepole, hivyo video za katikati ya gemu zitakwamakwama. Huo si ugonjwa. Na zile nyembamba za mwishomwisho, kuanzia mwishoni mwa 2008, kadi hiyo haizifungui, kwa hiyo usinunue kadi pembeni ukidhani itakubali kila mahali. Kisheria nakala ni nakala, COSOTA wa hakimiliki hawajalala. Diski halisi za mtumba bado zinapatikana ukizitafuta kwa subira. Nazo ni kamili: God of War II, kwa mfano, ilijaa DVD ya tabaka mbili, kwa hiyo uliyochomewa kwenye DVD ya kawaida lazima imepunguzwa mahali.

Ukiiwasha na kadi, tazama ile minara inayoelea mwanzoni. Si mapambo. Inaota kulingana na gemu zilizochezwa na kadi hiyo na mara ngapi zimefunguliwa. Ukiona msitu, ujue kadi imetoka kibandani na imekula mechi nyingi. Wengi hukimbilia kuifuta. Ngoja kwanza! Kadi za vibandani zilikuwa na hazina yake. Kwenye gemu ya mpira ya PES 6, ya mwaka 2006, Konami hawakuwa na haki ya majina ya timu nyingi za Uingereza, ndiyo maana Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea London FC. Wenye vibanda walikaa usiku wakirekebisha majina na jezi moja moja, na kazi hiyo yote imo ndani ya megabaiti 8. Weka PES uone kabla hujafuta. Na ukimkuta Adriano wa Inter mwenye nguvu ya shuti 99, wekeni sheria ya nyumbani mapema kama walivyoweka vibandani: hachukuliwi, au anabebwa kwa kura.

Padi feki zimejaa, na kwa macho hazitofautiani na halisi. Kipimo ninachokiamini ni gari. Vitufe vya padi halisi ya PS2 vinahisi uzito wa kidole. Fungua Gran Turismo 3 au 4, bonyeza msalaba kidogo tu: gari litaondoka taratibu; kandamiza, litaruka. Kwenye feki gari lina mambo mawili tu, limesimama au linakimbia. Kwa mpira feki inatosha. Kwa magari, lipa zaidi.

Neno la pembeni kwa wanaotupa mashine zilizokufa. Mwaka 2000, wakati PS2 inatoka na simu zinaenea duniani, bei ya tantalamu ilipanda kwa kasi, na koltani ya Kivu huko Kongo, ambamo tantalamu hutolewa, ikawa ya kugombewa kwa bunduki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuhusu uporaji huo Aprili 2001. Madini ya jirani zetu yamo kwenye vifaa vya umeme vya enzi hizo. Mpelekee fundi akatoe vipuri, usipeleke dampo.

Aina ya tatu ni kile kijiti cha HDMI chenye padi mbili zisizo na waya na maandishi makubwa: 4K, gemu elfu kumi. Nitakuwa mfupi. Picha ya Famicom ni nukta 256 kwa 240, kwa hiyo 4K hapo ni kunyoosha tu kilekile. Lakini kinafanya kazi, ni rahisi, na kwa mtoto wa miaka sita sioni haja ya kumpeleka mbali zaidi. Siku ya kwanza toa kile kikadi kidogo, nakili vyote vilivyomo kwenye kompyuta, kirudishe. Kadi hizo ni dhaifu, na ikifa bila nakala umebaki na plastiki.

TV bapa nyingi mpya hazina tundu za njano, nyekundu na nyeupe, basi ulizia kigeuzi cha AV kwenda HDMI palepale kwenye fremu, ukijaribu na mashine yenyewe. Nyumbani washa modi ya gemu kwenye mipangilio ya TV. Usipofanya hivyo Mario ataruka akiwa ameshaingia shimoni, na utamlaumu mtoto.

Risiti ya EFD idai dukani. Kwa fundi wa kibarazani andikiwa karatasi yenye tarehe, namba ya SCPH na namba yake ya simu, na mkubaliane siku za kurudisha kabla hujatoa hela. Asubuhi za katikati ya wiki ndizo nzuri, muuzaji ana muda wa kukuwashia. Gemu za mtumba ukichagua, diski zenye herufi SLES au SCES ni za Ulaya, SLUS na SCUS za Marekani; mashine isiyochezewa hukubali za kwao tu. San Andreas ukiipata ichukue, ila ukiweka ile kodi ya kufanya watu mtaani waanze fujo, usisevu, maana fujo haizimiki tena. PS2 ikiwa inasahau tarehe kila ukichomoa umeme, wala usirudi kugombana: ndani mna betri ya CR2032, ileile ya rimoti nyingi za magari, na fundi saa yeyote anayo.